The Darkest Files: kumjua muuaji si kazi, kazi ni kumtia hatiani. Kwa nini?

#1 Shauri la Pwani

Wakuu, habari za jioni.

Nimemaliza kucheza The Darkest Files, gemu la upelelezi lililotoka Machi 2025 kutoka studio ya Paintbucket Games ya Berlin. Mchezaji anakuwa Esther Katz, mwendesha mashtaka kijana anayeanza kazi Frankfurt mwaka 1956 chini ya Fritz Bauer, mwendesha mashtaka mkuu wa jimbo la Hesse. Esther ni mhusika wa kubuni, lakini Bauer aliishi kweli, na kesi zenyewe zimetungwa kutokana na uhalifu halisi wa Wanazi. Unasoma hati, unahoji mashahidi, unaingia ndani ya simulizi zao na kuliona tukio kama wanavyolieleza, kisha unasimama mahakamani na kila hoja unayoitoa inakudai ushahidi wake.

Katika gemu nyingi za upelelezi, ukishamjua muuaji mambo yamekwisha. Hapa kumjua ndiko kunakofungua taabu, maana mtu huyo ana kazi yake, ana majirani wanaomsalimu asubuhi, na wengi wanaomzunguka wanakuona wewe ndiye mchokozi. Naomba tujadili: ugumu huu umeongezwa na watunzi ili kunogesha mchezo, au ndivyo Ujerumani Magharibi ilivyokuwa? Na kama ndivyo, chanzo chake hasa kilikuwa nini?

#2 Wakili Msomi

Mleta uzi, asante kwa mada. Mimi nitakujibu kwa sheria, kwa sababu naamini kiini kiko humo.

Baada ya vita, mahakama za Ujerumani Magharibi hazikutunga kosa jipya la kuwashtakia Wanazi. Kosa la mauaji ya kimbari liliingizwa katika kanuni ya adhabu mwaka 1954, lakini katiba yao inakataza kumhukumu mtu kwa kosa ambalo halikuwa kosa siku alipotenda, hivyo halikuweza kurudi nyuma hadi miaka ya vita. Waendesha mashtaka wakabaki na kifungu kilekile kinachotumika mume anapomuua mkewe jikoni. Kifungu hicho, cha 211, hakitosheki na kuthibitisha kwamba mtu ameua kwa kukusudia. Kinadai uthibitishe pia sifa fulani, kama vile kuua kwa tamaa ya mali, kwa nia chafu, kwa hila, kwa ukatili au ili kuficha kosa jingine. Ukishindwa kuthibitisha mojawapo, kosa linashuka daraja.

Kushuka huko daraja ndiko kulikowaokoa wengi. Makosa ya kuua yasiyo na sifa hizo yalikuwa na ukomo wa kushtakiwa wa miaka 15, uliohesabiwa kuanzia tarehe 8 Mei 1945. Esther anapoanza kazi mwaka 1956 amebakiwa na miaka minne tu kabla mlango huo haujafungwa. Wabunge wa chama cha upinzani cha SPD walijaribu kuuongeza muda mwaka 1960 wakashindwa. Tangu hapo, kama huwezi kuonyesha nia chafu au ukatili wa mtu huyu mmoja, siku ile moja, dhidi ya yule marehemu mmoja, faili lako ni karatasi tupu.

#3 Kalamu ya Risasi

Wakili Msomi, heshima yako, ila wewe kila mada unaianzia kwenye vifungu na kuimalizia kwenye vifungu. Sheria haijisomi yenyewe. Inasomwa na watu, nasi tuulize watu hao walikuwa akina nani.

Asilimia 77 ya majaji wa Ujerumani Magharibi walikuwa wanachama wa zamani wa chama cha Nazi. Jaji aliyewapeleka watu kwenye kitanzi mwaka 1943 angewezaje kumtia hatiani askari aliyetenda yale yale kwa bunduki? Sheria iliyochapishwa mwaka 1951 kutekeleza ibara ya 131 ya katiba iliwarudishia ajira zao maelfu ya watumishi wa umma walioondolewa baada ya vita. Kabla ya hapo kulikuwa na msamaha wa mwaka 1949, na baada yake ukaja mwingine wa mwaka 1954. Bauer anasimuliwa kuwa aliwahi kusema kwamba akitoka ofisini mwake huwa anaingia katika nchi ya adui. Mtu hasemi hivyo kwa sababu ya kifungu cha 211.

#4 Mbongo Frankfurt

Kalamu, hoja yako ina uzito, lakini takwimu hiyo iwekwe mahali pake. Asilimia 77 haikuwa ya majaji wote. Inatokana na uchunguzi wa wanahistoria uliotolewa mwaka 2016 kuhusu Wizara ya Sheria ya Shirikisho, na inahusu maafisa waandamizi wa wizara hiyo mwaka 1957. Kwa maoni yangu hilo ni zito zaidi, kwa sababu hao hawakuamua kesi mojamoja. Waliandika miswada iliyoamua kesi zote.

Hans Globke, aliyeandika ufafanuzi wa kisheria wa sheria za ubaguzi za Nuremberg, aliongoza ofisi ya Kansela Adenauer kuanzia 1953 hadi 1963. Bauer alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana mwaka 1957, alipopata taarifa kutoka kwa Lothar Hermann, mhanga wa Wanazi aliyekuwa akiishi Argentina, kwamba Adolf Eichmann, mratibu wa kuwasafirisha Wayahudi kwenda kuuawa, yuko huko, hakuzipeleka polisi wa nchi yake. Alizipitisha kimyakimya kwa Waisraeli. Mwendesha mashtaka mkuu wa jimbo anaificha serikali yake anakoishi mtuhumiwa kwa hofu kwamba mtuhumiwa atatonywa: kwa mtu wa cheo chake, hilo lilikuwa jambo la kumfukuzisha kazi.

#5 Mpenda Gemu

Wakuu, naomba kuutetea upande wa watunzi, maana mnaijadili historia kana kwamba gemu halipo.

Hawa ndio waliotoa Through the Darkest of Times, gemu kuhusu kikundi cha wapinzani wa Hitler ndani ya Berlin. Mwaka 2018 lilikuwa gemu la kwanza lililoruhusiwa kuonyesha alama ya swastika kwa uwazi nchini Ujerumani, mara tu mamlaka za huko zilipobadili utaratibu uliokuwa ukiwalazimisha watengenezaji kuifuta alama hiyo. Kwa hiyo si watu wanaookota historia kwa bahati.

Uamuzi wao wa kuchagua mwaka 1956 ni wa kitaalamu. Wangeweza kuchukua kesi kubwa ya 1963 dhidi ya waliotumikia kambi ya mauaji ya Auschwitz, yenye waandishi wa habari na kamera nje ya ukumbi. Badala yake wamechukua wakati ambao ofisi kuu ya Ludwigsburg ya kuchunguza uhalifu wa Wanazi haipo, kwa maana ilifunguliwa Desemba 1958. Bauer mwenyewe ndiyo kwanza anahamia kutoka Braunschweig. Na hakuna anayejua kama kazi hii itazaa chochote. Mchezaji akifanya kazi ndani ya kiza hicho ndipo anapouhisi ugumu. Nasema ugumu ni wa kweli, ila wamejua wakuweke wapi ili ukuelemee.

#6 Mwalimu Somo

Habari zenu. Mimi nafundisha historia sekondari, na mwaka huu niliunganisha kompyuta yangu na projekta nikawaacha wanafunzi wa kidato cha sita wajadiliane kila hatua, huku nikiwatafsiria maandishi.

Kilichonishangaza ni jinsi walivyowatendea mashahidi. Mwanzoni, mashahidi wawili walipotofautiana, darasa zima lilitaka kumjua mwongo ni nani. Baadaye binti mmoja wa dawati la mbele akauliza kama inawezekana wote wawili wasiwe waongo. Mmoja alikuwa na hofu, mwingine alikuwa mbali, na miaka zaidi ya kumi imepita. Kuanzia hapo waliacha kuwinda uongo, wakaanza kuuliza kila shahidi alisimama wapi, mlango ulikuwa upande gani, nani angeweza kusikia.

Kwa hiyo mimi naongeza sababu ya tatu. Wakili anasema sheria, Kalamu anasema watu wa mahakamani. Mimi nasema ushahidi wenyewe. Wengi wa walioona waliuawa, na waliosalia walidaiwa wakumbuke tarehe na saa mahali ambapo mfungwa hakuruhusiwa kuwa na saa wala kalenda.

#7 Mnyalu wa Iringa

Mjadala mzuri. Lakini wakuu, si mahakama ya Nuremberg ilikwishamaliza kazi hii? Viongozi walinyongwa mwaka 1946. Pengine Wajerumani waliona wakubwa wamehukumiwa, inatosha, watu wajenge nchi. Na kuhusu ushahidi, Bauer aliposimama mahakamani kuwahoji walinzi wa Auschwitz alikuwa na mamia ya mashahidi, sasa tatizo la ushahidi liko wapi?

#8 Mbongo Frankfurt

Mnyalu, tuanze na Nuremberg. Mahakama ile ya kimataifa ilitoa adhabu 12 za kifo na kuwaachia huru washtakiwa watatu. Ilikuwa mahakama ya washindi wa vita, na Wajerumani wengi waliiona hivyo. Zilifuata kesi nyingine za Wamarekani, lakini wafungwa wa gereza la Landsberg walipunguziwa adhabu mwaka baada ya mwaka, na wa mwisho walitoka mwaka 1958. Alichokitaka Bauer ni tofauti: Wajerumani wawashtaki Wajerumani, kwa sheria ya Ujerumani, mbele ya watu wao.

La pili, Bauer hakuwahoji washtakiwa wa Auschwitz ukumbini. Aliiongoza kazi akiwa ofisini, na waliosimama ni waendesha mashtaka vijana: Joachim Kügler, Georg Friedrich Vogel na Gerhard Wiese. Hapo ndipo Esther wa kubuni anapopata mizizi, kwa sababu Bauer alichagua kwa makusudi vijana ambao hawakuwa na la kuficha.

Mashahidi walikuwa takriban 360, wakiwemo manusura 211 wa Auschwitz. Lakini tazameni faili lilivyoanza. Januari 1959 mwandishi wa habari Thomas Gnielka alikwenda kumhoji manusura mmoja, Emil Wulkan, kuhusu malipo ya fidia. Wulkan akamtolea karatasi zilizoungua pembeni, zilizookotwa mwishoni mwa vita kutoka jengo lililokuwa likiteketea mjini Breslau, la mahakama ya polisi na ya SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi. Alikuwa amezihifadhi nyumbani kama kumbukumbu. Zilikuwa na orodha za wafungwa wa Auschwitz waliopigwa risasi eti wakitoroka, na majina ya walinzi waliofyatua. Gnielka akazituma kwa Bauer, na miezi michache baadaye mahakama kuu ya shirikisho ikaipa Frankfurt mamlaka ya kuchunguza kambi nzima. Moto ungekula sentimita chache zaidi, majina yale yasingesomeka. Kwa hiyo Mwalimu ana haki ya kusema tatizo lilikuwa ushahidi.

Na lile swali la wanafunzi wake, shahidi alisimama wapi, mahakama yenyewe ililiuliza. Desemba 1964 jaji mmoja, mawakili na waendesha mashtaka walisafiri hadi Auschwitz, katikati ya vita baridi, wakapima umbali na kuangalia kama kutoka mahali fulani mtu angeweza kweli kuona alichodai kukiona. Mimi naishi karibu na ukumbi wa Gallus ambako kesi ilihamia mwaka 1964. Ni jengo la kawaida la mtaa.

#9 Mtoto wa Nyamirambo

Nawasalimu kutoka Kigali. Mbongo, umenigusa na hilo la kupima umbali.

Nilikuwa kijana nilipokwenda na bibi yangu kusikiliza gacaca, mahakama ya wananchi ya kesi za mauaji ya kimbari, katika mtaa wetu, watu wakiwa wameketi majanini. Shahidi alisema aliona kundi likipita akiwa amejificha kwenye mtama. Mtuhumiwa akajibu kwamba kutoka pale njia haionekani. Waamuzi hawakubishana. Waliinuka na watu wote wakafuata hadi shambani, mzee mmoja akachutama palepale alipoonyeshwa, akasema anaiona njia na miguu ya wanaopita lakini nyuso hazioni. Sentensi hiyo moja ilibadilisha maelezo ya pande zote mbili. Shahidi akaeleza kwamba aliwatambua kwa sauti.

Nataka kumjibu mleta uzi kwa kulinganisha. Rwanda ilikuwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa pale Arusha kwa ajili ya wakubwa, iliyowashtaki watu 93, na hukumu yake ya kwanza dhidi ya meya Jean-Paul Akayesu ilitoka Septemba 1998. Kisha zikawepo gacaca, ambazo hadi zinafungwa Juni 2012 zilikuwa zimepitia mashauri yapatayo milioni 1.9. Unaweza kuzilaumu kwa mengi, na wapo waliolaumu kwa haki. Ila wauaji na manusura walikuwa mtaa mmoja, wanachota maji kisima kimoja, na kunyamaza kulikuwa kugumu kuliko kusema. Ujerumani manusura wengi waliondoka nchini au hawakurudi. Mimi nadhani kukosekana kwao mtaani ndiko kulikoifanya jamii iweze kuendelea kana kwamba hakuna kitu. Hiyo si sheria wala majaji.

#10 Binti Kirua

Shikamooni wakubwa, wengine habari. Nataka kusema kitu ambacho hakiko mbali na mada.

Mnazungumza kana kwamba kulindana huko kulianza mwaka 1945. Sisi wa Kilimanjaro tunamkumbuka Carl Peters, aliyeitwa Mkono wa Damu. Akiwa kamishna wa dola katika eneo letu alimnyonga mtumishi wake Mabruk mwaka 1891, na baadaye msichana aliyeitwa Jagodja. August Bebel alilifikisha jambo hilo bungeni Berlin mwaka 1896. Ushahidi ulikuwepo, jina la muuaji lilijulikana na wote. Kilichofuata kikawa mashauri ya kinidhamu, naye akafukuzwa kazi mwaka 1897, basi. Hakushtakiwa kwa mauaji. Mwaka 1905 Kaisari akamrudishia cheo chake, na mwaka 1937 Hitler akamsafisha rasmi ingawa alikuwa amekwishakufa.

Kwa hiyo ninapoona katika gemu mtu anajulikana kuwa ameua lakini dola inatafuta namna ya kuliita tendo lake kwa jina dogo, mimi naona mazoea ya zamani. Rais Steinmeier aliomba msamaha Songea Novemba 2023, na nilifurahi kumsikia, lakini kwa wale waliouawa kwetu na kule Umatumbi hakuna aliyewahi kufunguliwa faili kama hili la Esther.

#11 Wakili Msomi

Binti Kirua, asante, na hoja yako inanisaidia. Peters alihukumiwa kama mtumishi mkosefu badala ya muuaji. Sheria ilichagua jina. Frankfurt nako ni hivyo hivyo.

Mwezi Agosti 1965, katika kesi ya Auschwitz, kati ya washtakiwa 20 waliofika kwenye hukumu, sita walipewa kifungo cha maisha na watatu wakaachiwa. Waliobaki wengi walipatikana na hatia ya kusaidia tu. Robert Mulka, msaidizi wa kamanda wa Auschwitz, alipewa miaka 14. Msingi wake ni kwamba wauaji wakuu kisheria walikuwa Hitler, mkuu wa SS Himmler na wenzao, na aliyetenda bila kuutaka uhalifu kama wake mwenyewe huhesabiwa msaidizi. Mwaka 1962 mahakama kuu ilikuwa imetumia mantiki hiyo hata kwa mpelelezi wa Kisovieti aliyewaua watu wawili kwa mkono wake mwenyewe. Kwa mantiki hiyo, aliyemiminia watu sumu ni msaidizi, wakati aliyempiga mfungwa kwa chuki zake binafsi ndiye muuaji. Bauer alitaka kambi nzima ihesabiwe kuwa tendo moja, na kila aliyeitumikia ajibu kwa tendo hilo. Mahakama ilikataa.

Kalamu atasema ni watu. Mimi nasema hata jaji mwadilifu, akishika mantiki hiyo mkononi, angefika palepale.

#12 Kalamu ya Risasi

Wakili, umenifungulia mlango mwenyewe. Nani aliyeitengeneza mantiki hiyo iwe na manufaa?

Tarehe 1 Oktoba 1968 ilianza kutumika sheria yenye jina la kuchosha kuhusu makosa madogo ya kiutawala, mambo ya faini. Ndani yake kulikuwa na mstari uliopunguza adhabu ya wasaidizi wa mauaji ambao wenyewe hawakuwa na nia chafu. Adhabu ilipopungua, na ukomo wa kushtaki ukapungua pamoja nayo, hivyo makosa hayo yakawa yameisha muda tangu Mei 1960. Mahakama kuu ililithibitisha hilo Mei 1969, na uchunguzi mkubwa wa Berlin dhidi ya maofisa wa makao makuu ya usalama ya Himmler ukaporomoka. Katika idara ya Wizara ya Sheria iliyoandaa sheria hiyo alikuwamo Eduard Dreher, aliyekuwa mwendesha mashtaka katika mahakama maalumu ya Wanazi huko Innsbruck. Bunge lilipitisha bila kuona. Ukomo wa mauaji yenyewe ulifutwa kabisa mwaka 1979, lakini wale waliokwisha kuponyoka walikuwa wameponyoka.

#13 Mpenda Gemu

Kalamu, sahihisha mwendo kidogo. Wanahistoria bado wanabishana kama mstari ule uliwekwa kwa makusudi au ulipita kwa uzembe wa wizara, majimbo na bunge kwa pamoja. Ukiufanya njama iliyothibitishwa, mpinzani wako atakushika hapo hapo, kama Esther anavyoshikwa mahakamani anapoweka hati isiyobeba hoja yake.

#14 Kalamu ya Risasi

Makusudi au uzembe, walionufaika ni walewale. Nitaongeza moja tu. Bauer hakuwafuata walinzi peke yao. Alifungua uchunguzi dhidi ya wakuu wa sheria walioitwa Berlin Aprili 1941, wakaelezwa juu ya mpango wa kuwaua wagonjwa na walemavu, na wakanyamaza. Majaji na waendesha mashtaka wakuu wa nchi nzima. Yeye alifariki tarehe 1 Julai 1968, na shauri hilo likafungwa mwaka 1970 bila kesi kusikilizwa. Hiyo ndiyo kesi ambayo ningependa kuicheza.

#15 Shauri la Pwani

Nawashukuru wote. Nilitarajia jibu moja na nimepata matano. Mtoto wa Nyamirambo, lako la manusura kutokuwepo mtaani ndilo sikuwa nimelifikiria, na linaeleza kwa nini mitaa ya Frankfurt ndani ya gemu inaonekana ya kawaida mno.

Swali kwa Wakili: kama sheria ndiyo iliyokwamisha, kwa nini kesi hizi ziliwezekana tena juzijuzi, tena dhidi ya wazee wa miaka tisini?

#16 Mbongo Frankfurt

Nitamtangulia Wakili. Mwaka 2011 mahakama ya Munich ilimtia hatiani John Demjanjuk kwa kusaidia mauaji ya watu wasiopungua 28,000, kwa sababu tu alikuwa mlinzi wa kambi ya mauaji ya Sobibor, bila kumhusisha na tendo mahususi. Alifariki rufaa ikiwa haijaamuliwa. Mwaka 2015 Oskar Gröning, aliyehesabu fedha za waliouawa Auschwitz, alipewa miaka minne, na safari hii mahakama kuu iliafiki mwaka 2016. Agosti 2024 iliafiki pia hukumu ya karani wa kambi ya Stutthof. Ni karibu kabisa na lile wazo la Bauer.

Na kifungu cha 211 ni kilekile. Kilichobadilika ni vizazi vya majaji. Hapo nampa Kalamu.

#17 Wakili Msomi

Usimpe haraka. Kifungu hakikubadilika, lakini tafsiri ya usaidizi ilibadilika, na tafsiri ni sehemu ya sheria. Tena majaji walioingia kazini miaka ya 1980 hawakuwa na lolote la kuficha, lakini walikaa na mantiki ya zamani kwa miongo miwili na zaidi kabla ya Munich. Kama tatizo lilikuwa watu, hao walikuwa wakisubiri nini?